Maji ya Beseni Kabla ya Kuoga

Leo nimekuja na ombi ambalo huenda likawaudhi kina mama wengine: mpeni mtoto mdogo maji achezee.

Najua jibu, maana nimeshalisikia. Maji gani hayo ya kuchezea? Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Kutoka Mto Sare au kisimani hadi jikoni umepanda mlima juu ya kichwa cha mtu. Kama si kichwa, ni mgongo wa punda, au ni kijana wa boda boda anayetaka pesa yake kabla hajaushusha. Kwa hiyo mtoto wa miaka 2 akiinamisha kikombe na kumwaga maji sakafuni, anachomwaga ni jasho la mama yake. Lazima agombezwe. Na mimi ningekuwa nimetoka kisimani saa ile ile, ningemgombeza vilevile.

Tatizo ni kwamba ushauri mwingi wa malezi umeandikwa na watu walio na bomba ndani ya nyumba. Wanakwambia jaza hodhi, weka rangi, mwache mtoto acheze saa nzima, halafu vuta kizibo maji yaende zake. Ushauri huo ukiufuata hapa Awendo mwezi wa Januari, mume atauliza kama kichwa kiko sawa.

Basi sharti langu la kwanza ni hili. Maji ya mchezo yasiongeze hata kikombe kimoja kwenye hesabu ya nyumba. Yawe maji yale yale yanayosubiri kazi nyingine. Maji ya kumwogeshea mtoto jioni huwa yameshatiwa kwenye beseni. Kabla hajaoga, acha yawe maji ya mchezo kwa robo saa, kisha muogeshe nayo. Ukiosha viazi au matunda, maji hayo yana robo saa ya mchezo ndani yake kabla ya kwenda kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba. Na mvua ikinyesha, kuanzia Machi hadi Mei na tena mwisho wa mwaka, mabati yanakuletea maji bila kumlipa mtu. Kinachobadilika ni foleni tu. Mchezo unatangulia, kazi inafuata.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini yakimwagikia kwenye karai yanazoleka vizuri sana. Weka beseni ndani ya karai pana, na kile mtoto atakachomwaga utakichota tena.

Sharti la pili nalisema sasa hivi, kabla sijataja mchezo hata mmoja, maana kuna atakayezima redio katikati. Mtoto na maji hawaachwi peke yao. Hata kwa dakika moja, hata kama ni maji ya kufika kwenye kifundo cha mkono. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Tukisikia mtu amekufa maji, sisi wa huku tunafikiria ziwa, mtumbwi na dhoruba ya usiku. Lakini mtoto anayejifunza kutembea hahitaji ziwa. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, mikono yake haina nguvu, na akiinamia ndoo na kuchungulia, anatangulia kichwa na hawezi kujitoa. Wala hapigi kelele. Watu hudhani mtoto anayezama atarusha mikono na kulia, kumbe mdomo uko ndani ya maji na sauti haipo.

Kwa hiyo unakaa pale, mahali ambapo mkono wako unamfikia. Simu ikilia jikoni, ama iache ilie, ama umbebe mtoto muende pamoja. Dada yake wa miaka 8 si mlinzi. Yeye naye anacheza. Mchezo ukiisha, beseni linamwagwa papo hapo na kufunikizwa chini. Ndoo na mitungi ya nyumba iwe na vifuniko. Na lile shimo lililochimbwa udongo wa matofali likaachwa wazi, mvua ikalijaza, liwekeeni uzio. Nimesema.

Sasa tuingie kwenye beseni.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anajua nini kuhusu maji? Zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 2009 mtafiti Susan Hespos wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wa miezi 5. Watoto hao walionyeshwa glasi yenye maji ya buluu ikiinamishwa huku na huku. Wengine walionyeshwa glasi iliyofanana nayo kabisa, ila ndani kulikuwa na kitu kigumu cha rangi ile ile. Baadaye wakaonyeshwa mambo yanayokubaliana na yale waliyoyaona, na mengine yasiyokubaliana nayo. Pale kitu walichokuwa wamekizoea kama maji kilipojifanya kigumu, walikitazama kwa muda mrefu zaidi, kama anavyofanya mtu aliyeshangaa. Miezi 5, bado hajaota hata jino! Tayari anatarajia kwamba maji yatatiririka na jiwe halitatiririka.

Akianza kutembea, anataka kuyathibitisha hayo kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana anamwaga. Anamwaga, anatazama, anataka tena. Wewe unaona utundu. Yeye yuko kazini.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa kuelea na kuzama, na unagharimu sifuri. Kusanya vitu vya nyumbani: kijiko cha chuma, gunzi la mahindi lililokauka, ndala, chungwa, jiwe kubwa kuliko ngumi ya mtoto, mfuniko wa bati wa kopo, kipande kirefu cha ganda kavu la muwa. Kila kitu kiwe kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kuingia chote mdomoni. Maharagwe, sarafu na vifuniko vya soda viweke mbali, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 3 huvijaribu kwa ulimi kwanza na vinaweza kumkaba.

Mpe kimoja kimoja. Usimwambie kitakachotokea. Uliza tu, kwa lugha mnayozungumza nyumbani, Kijaluo kama ni Kijaluo: hiki kitaenda wapi? Hatajibu kwa maneno. Atakitumbukiza. Jiwe linakwenda chini, na yeye anaangalia chini. Ndala inabaki juu. Anaisukuma kwa kiganja, inarudi. Anaisukuma kwa mikono miwili, inarudi tena na kumrushia maji usoni. Hapo utasikia kicheko ambacho hakuna kidude cha dukani kinachoweza kukitoa.

Kisha mpe ule mfuniko wa bati na ukae kimya. Nimemtazama mtoto mmoja akishughulika na mfuniko huo. Aliulaza juu ya maji, kingo zikiwa juu, ukaelea. Akaudonoa kwa kidole katikati, ukatikisika ukabaki. Akaudonoa pembeni. Ukingo ukainama, maji yakaingia kama utepe mwembamba, mfuniko ukalala ubavu na kuteremka polepole mpaka kwenye tako la beseni. Alinyamaza kwanza. Halafu akauchukua, akaugeuza, akauchungulia kwa chini kana kwamba kuna mlango wa siri, akaulaza tena juu ya maji. Safari hii alikwenda moja kwa moja pembeni kuudonoa. Hakuwa anabahatisha tena. Alikuwa anazamisha meli kwa makusudi.

Na ni meli kweli. Mwaka 2018 huko Lamu mafundi walizindua jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, likafunikwa kwa ndala kuukuu zipatazo 30,000, likaitwa Flipflopi. Machi 2021 jahazi hilo lilikuwa hapa kwetu, likizunguka Ziwa Viktoria, watu wakiliona kwa macho yao. Kwa hiyo mtoto wako akiiweka ndala ielee ndani ya beseni na kuipakia gunzi la mahindi kama abiria, usimwone mjinga.

Kwa chungwa kuna ziada. Chungwa lenye ganda huelea. Limenye ulirudishe majini, litazama. Limepungua uzito, lakini limezama! Ganda la chungwa limejaa vijishimo vya hewa. Ukilitoa umelivua koti lililokuwa linaliinua. Haya ya hewa ni kwa ajili yako wewe na mkubwa wa nyumba aliye darasani. Mdogo mwache aone tu kwamba limekwenda chini, kisha ale chungwa lake.

Mchezo wa kumiminia nao una utamu wake. Vikombe viwili, kimoja chembamba kirefu, kingine kipana kifupi, na jagi. Basi. Mtoto atamimina kutoka hiki hadi kile mpaka uchoke kutazama. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, alitumia vyombo vya namna hiyo hiyo, na mwaka 1941 yeye na Alina Szemińska wakachapisha kitabu kuhusu jinsi watoto wanavyofikia kuelewa idadi na kiasi. Waliona kwamba ukichukua maji ya kikombe kipana ukayahamishia kwenye kirefu mbele ya macho ya mtoto wa miaka 4 au 5, atakwambia yameongezeka. Ameona kwa macho yake hakuna kilichoongezwa, lakini kimo kimepanda, basi yamezidi. Ukitaka ushahidi, wagawie watoto wawili juisi sawasawa kwenye vikombe visivyofanana uone vita.

Wazazi wengine wakisikia hivyo wanakimbilia kumfundisha mtoto jibu sahihi. Msifanye hivyo. Huwezi kumwamrisha mtoto wa miaka 2 aelewe jambo ambalo akili yake italifikia akikaribia miaka 6 au 7. Lakini mwanya wa kulifikia ni huko kumimina. Mwaka 1969 watafiti walichapisha habari za watoto wa wafinyanzi nchini Meksiko: walipoulizwa kama udongo umepungua au kuongezeka baada ya kubadilishwa umbo, walijibu vizuri kuliko wenzao ambao wazazi wao hawafinyangi. Mikono yao ilikuwa imeshaushika udongo huo mara nyingi mno. Sisi hapa watoto wetu wanakua katikati ya mitungi, madebe na sufuria, na nyumba nyingine bado zina chungu cha maji pale pembeni, kile tunachokiita dapi, na agwata ya kuchotea. Mwacheni achote. Atamwagia kifua chake, nguo itakauka.

Hapa nataka kuchepuka kidogo. Nyumba nyingi mchezo huu unamwangukia msichana, kwa sababu baadaye ndiye atakayetumwa maji. Mvulana anapewa gari. Kule Oyugis, mwendo mfupi tu kutoka hapa, mwanaanthropolojia Mmarekani Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kiluo waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani zinazohesabiwa kuwa za wasichana, mara nyingi kwa sababu nyumba haikuwa na dada wa umri unaofaa. Katika makala yake ya mwaka 1973 alionyesha kwamba wavulana hao hawakuwa wakali kwa wenzao kama wavulana wengine. Mvulana wa miaka 2 hajui bado kwamba maji ni ya dada. Msimwambie.

Turudi. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Wewe mtu mzima, siyo mtoto, pasha moto msumari mwembamba utoboe tundu moja dogo ubavuni, karibu na tako. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, funga kifuniko vizuri, kisha ondoa kidole. Maji hayatoki, au yatatoka matone mawili matatu na kukoma. Fungua kifuniko: yanachirizika. Funga: yanakatika. Usiibinye chupa, maana ukiibinya yatatoka tu. Mtoto wa miaka 3 akigundua kwamba yeye ndiye mwenye bomba, hutamtoa hapo.

Kwa nini yanakatika? Ili maji yatoke, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kifuniko kikifungwa hewa haina mlango juu, na ile iliyoko nje inayasukuma maji yabaki ndani. Ndicho kile kifaa mnachokijua cha kunawia nje ya choo, aina fulani ya kibuyu chirizi. Kwa hiyo usikitupe baada ya mchezo. Kitundike mlangoni mwa choo kwa kamba, kwa kimo cha mtoto, sabuni pembeni. Mtoto aliyekuwa akikimbia kunawa sasa atanawa mara nyingi kupita kiasi, na hilo ni tatizo ninaloweza kuishi nalo.

Asubuhi, ukienda kuchuma sukuma wiki, chuma jani moja zima. Lishike kwa viganja viwili kama sahani na umwambie mtoto adondoshee maji kwa ncha za vidole. Maji hayatalilowesha. Yatajikusanya kuwa vishanga vya duara, vinang'aa, na ukiinamisha jani kidogo vinakimbia, vikikutana vinaungana kuwa kimoja kikubwa. Juu ya jani kuna nta nyembamba ambayo maji hayaipendi. Jani la nduma linafanya vizuri zaidi, lakini utomvu wake unawasha na mtoto atataka kulila, kwa hiyo nabaki na sukuma. Jani lenyewe baada ya hapo linakatwa na kuingia sufuriani pamoja na mengine. Hakuna kilichopotea.

Na hapa Awendo tungezungumzaje sayansi ya maji bila kutaja sukari? Kampuni ya sukari ya SONY iliundwa mwaka 1976, na tangu hapo mashamba ya miwa yamekuwa pazia la mji huu. Kiwandani kazi kubwa ni kuyaondoa maji: muwa unakamuliwa, maji yake yanasafishwa na kuchemshwa mpaka yawe mazito na punje za sukari zianze kujitokeza. Mtoto wako anaweza kuirudisha kazi hiyo nyuma kwa kijiko kimoja. Maji safi ya kunywa kwenye kikombe cha glasi au cha plastiki kinachoonyesha ndani, kijiko kidogo cha sukari, akoroge. Sukari iko wapi? Haionekani. Achovye kidole alambe. Ah! Kumbe ipo. Ni mara chache sana mtoto mdogo anapata kujua kwamba kitu kinaweza kuwepo bila kuonekana, na anakipata kwa ulimi. Fanyeni mara moja moja, kwa ajili ya meno. Chumvi msiitumie, mtoto mdogo akinywa maji ya chumvi nyingi anaumwa.

Jua likiwa kali, mpe brashi kuukuu au tambara na kikombe cha maji, apake rangi ukutani au kwenye simiti ya baraza. Rangi ni maji. Alama ya kiganja chake itakaa hapo nyeusi nyeusi, halafu itaanza kuliwa kutoka pembeni, vidole kwanza, mpaka ipotee. Atashangaa na kupaka nyingine. Kwa wakubwa walio karibu, semeni hivi: asilimia 80 hivi ya maji yanayotoka Ziwa Viktoria hutoka kwa namna hiyo hiyo, kwa kupaa angani juani. Mto Nile wote, pamoja na sifa zake, unapata sehemu ndogo iliyobaki.

Nasema sana juu ya kuuliza na kunyamaza, na nina sababu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Lushoto, Tanzania, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakaribia kuisha, naye akaingiza mchanganyiko wake wa maziwa na sukari ungali moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alimuuliza mwalimu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipohamia Mkwawa, Iringa, akauliza tena, wakamcheka. Mpaka siku alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, Mpemba akauliza mbele ya watu wote, wenzake wakaona haya kwa niaba yake. Osborne alirudi, akajaribu, akaona kuna jambo. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na leo wanafizikia duniani wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba na bado wanabishana juu ya sababu yake.

Mtoto wako wa miaka 2 hana haja ya kuwa Mpemba. Lakini akikutazama, mfuniko wa bati mkononi, huku macho yake yakiuliza kwa nini umezama, wewe ndiye mtu wa kwanza katika maisha yake anayeweza kucheka au kuinama naye. Mwambie, hata mimi sijui, hebu tuone tena. Mara nyingi utakuwa unasema kweli.

Nimepata maswali mawili ninayopaswa kuyajibu kabla ya muda kwisha.

La kwanza ni la ndugu zetu wa ziwani. Mnauliza kama maji ya ziwa yanafaa. Yakitoka ziwani moja kwa moja, hapana. Ufukweni mwa Ziwa Viktoria kuna konokono wanaobeba kichocho, na vimelea wake huingia kwa ngozi; mtoto hahitaji kuyanywa. Kuketi kwenye maji ya kina kifupi na kuchezea nyasi za ufukweni ndivyo wanavyoambukizwa. Lakini maji ya ziwa yaliyotekwa na kuwekwa kwenye chombo kilichofunikwa, pasipo konokono, kwa siku 2 kamili, vimelea hao watakuwa wamekufa na unaweza kuyatumia kwa beseni. Kwa kunywa ni hadithi nyingine: chemsha au tia dawa. Na mtoto aliyezoea kuchezea ufukweni, mpeleke kituo cha afya akapimwe.

La pili, baba mmoja anauliza kama si kufuga mbu kuacha vyombo vya maji huku na huku. Baba, uko sawa kabisa, na hasa katika kaunti zetu hizi ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Si bure kwamba ni Homa Bay chanjo ya malaria ilikozinduliwa nchini Kenya, Septemba 2019. Yai la mbu huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka. Beseni la robo saa halimfai. Lakini tairi lililotupwa nyuma ya jikoni linamfaa, na kopo lililosahaulika chini ya gata pia.

Hata hapo mtoto ana kazi. Nenda naye kwenye hilo kopo. Chota maji kidogo kwa glasi, inua kwenye mwanga. Utaona viluwiluwi vya mbu, vijitu vyembamba vinavyojikunjakunja kupanda juu na kushuka. Gonga glasi kidogo, vyote vinashuka kwa pamoja. Subiri, vinapanda tena kuvuta hewa. Mtoto atagonga mara ishirini. Akimaliza, mimineni maji hayo kwenye udongo mkavu wenye jua, mbali na kisima, na kopo mlifukie. Kisha mnawe mikono, kwa kile kibuyu chirizi.

Mimi naishia hapo. Taarifa ya habari inafuata.